Betri Juu ya Moto

Kila asubuhi Kashindye alikamua ng'ombe, akawasha moto, akabandika uji. Kisha alitazama juu. Juu ya mafiga palikuwa na kichanja cha mbegu za mahindi. Nyuma ya mbegu, ndani ya gunia, zilikaa betri za redio. Zilikuwa arobaini.

Ilikuwa mwaka 1976, katika kijiji kimoja cha Usangu, si mbali na Chimala. Mumewe, Budeba, alizinunua katika soko la Mwanjelwa alipokwenda kuuza fahali. Sokoni aliambiwa betri zitakwisha nchini. Kila mtu alikuwa ananyakua. Naye akanyakua.

"Moshi unalinda mbegu zisioze," alisema akiwa juu ya kigoda. "Utazilinda na hizi. Na wewe, Mama Leokadia, funga mdomo. Wakisikia, wataniita mlanguzi."

Kashindye akafunga mdomo. Lakini hofu ilimwingia. Mbwa akibweka, alishtuka. Mjumbe wa nyumba kumi akipita kusalimu, jasho lilimtoka. Hata katika darasa la watu wazima alikaa nyuma kabisa. Redio ya darasa ilikuwa bubu wiki ya tatu sasa. Duka la kijiji halikuwa na betri hata moja.

"Sijui zimekwenda wapi," alisema Mwalimu Tekla.

Budeba alikohoa. Kashindye alitazama miguu yake.

Asubuhi moja Leokadia, binti yao wa miaka minne, alikaa karibu na moto akisubiri uji. Akainua uso, mara akamlilia mama yake.

"Mayu! Jicho! Jicho langu!"

Kashindye alitazama juu. Gunia lilikuwa limelowa. Tone jeusi lilining'inia, tayari kudondoka tena. Alimnyakua mtoto akatoka mbio. Budeba alikuwa mbali, malishoni.

Nyumba ya tatu alikaa Othmani, fundi redio, na mkewe Mwanakhamisi.

"Karibu, Mama Leokadia. Mbio za nini? Simba kaingia zizini?"

"Mtoto, fundi. Jicho."

"Limeingia nini?"

Akilini alimwona mjumbe. Alimwona Budeba akichukuliwa.

"Moshi," alisema.

"Moshi tu? Nyie Wasukuma na moto wenu wa mavi ya ng'ombe! Mwache alie, machozi yatautoa."

Kashindye aligeuka. Alipiga hatua tano. Leokadia aliacha kulia, akawa anatetemeka tu, mikono imeziba jicho. Kimya kile kilimtisha kuliko kilio. Akarudi.

"Fundi, nimekudanganya. Si moshi. Ni maji ya betri. Tunazo arobaini juu ya moto."

Othmani hakucheka tena. Bisibisi ilimponyoka mkononi.

"Mwanakhamisi! Maji safi, ndoo nzima! Upesi!"

Walimlaza mtoto ubavu, jicho bovu likiwa chini, ili maji yasiingie kwenye jicho zima. Mwanakhamisi alimimina polepole. Othmani alifungua kope. Kashindye alishika mikono ya mtoto asijisugue.

"Basi, fundi, anaumia!"

"Bado. Robo saa nzima, au zaidi. Kisha zahanati, hata akinyamaza."

Huko zahanati mganga alimulika jicho kwa muda mrefu.

"Limeungua," alisema mganga. "Mmefanya vizuri kuliosha mapema. Mngechelewa, nisingewaahidi kitu. Mleteni kila siku."

Jioni Budeba alirudi. Alimkuta Othmani uani.

"Umesema?" alimuuliza mkewe.

"Nimesema. Na ningesema tena."

Othmani alizungushia mikono mfuko wa nailoni, akashusha gunia. Betri kumi na tisa zilikuwa zimevuja.

"Mbegu zinapenda moshi, shemeji. Betri hazipendi. Joto linazitoa maji, na maji yake yanachoma ngozi na macho. Moja ingeanguka motoni, ingepasuka usoni mwa mtoto."

"Nilitaka tusikose," alisema Budeba. Sauti ilikuwa ndogo.

"Wote mlitaka hivyo. Ndiyo maana duka tupu. Halafu betri huchoka hata ikikaa tu. Nunua nne za redio na nne za akiba, basi. Ziweke pakavu, mbali na moto, mtoto asipofikia. Usichanganye mpya na kuukuu. Redio isipotumika siku nyingi, zitoe."

Zilizovuja walizifukia kwenye shimo refu, mbali na kisima.

Siku ya darasa Budeba alibeba kikapu. Ndani mlikuwa na betri kumi na tatu. Nane alibaki nazo. Mjumbe alikuwa amekaa mbele. Kashindye alikaza vidole mpaka vikauma.

"Zilikuwa kwangu," alisema Budeba. "Zimemuunguza mwanangu jicho."

Mjumbe alitazama kikapu. Akatazama kitambaa kilichofunika jicho la Leokadia.

"Mwalimu, weka nne," alisema mwishoni. "Zingine zipelekwe vijiji vya jirani. Kipindi cha masomo kisitupite."

Redio ikakohoa, ikasema. Watu walipiga makofi. Kashindye alilia.

Siku ya kumi na mbili mganga aliondoa kitambaa. Nyumbani, Kashindye alimkalisha mtoto jikoni, mbali na moto. Kwa kiganja aliziba jicho lisiloungua.

"Tazama juu, mwanangu. Unaona nini?"

Leokadia alikunja uso. Alipepesa. Alikawia.

"Mbegu," alisema. "Mbegu tu."