Damu ya Mkunga wa Manzese

Saa kumi na moja jioni Daktari Gozbert, mkuu wa maabara yetu, alinirudisha Manzese nikachukue damu upya. Alidhani nimechanganya chupa, na mimi nilikuwa naomba iwe hivyo.

Mwaka ule wa 1973 tulikuwa tunapima kimeng'enya kimoja cha damu. Mtu mwenye afya anacho kidogo. Mjamzito anacho kingi, kwa sababu kondo la nyuma humwongezea cha kwake. Wagonjwa wa ini nao huwa nacho kingi, ila chao ukikipasha moto kinakufa. Cha kondo hakifi. Kwenye orodha ya wenye afya, balozi wa nyumba kumi alinipa jina la Bibi Mwanakombo, mkunga wa mtaa wetu, mjane wa miaka sabini asiyewahi kuumwa hata kichwa.

Damu yake ilizidi ya wajawazito wote. Tukaipasha moto.

Kimeng'enya hakikufa.

Na bibi huyo ndiye aliyekuwa amzalishe mke wangu, Avelina, wiki hiyohiyo. Tulishazika wachanga wawili. Huyu wa tatu tulimtaka kwa roho zetu zote.

Nilipiga hodi. Kisha nikasikia mtu anatafuna... taratibu, kitu chenye maji.

"Nani?"

"Mie Leonardi, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ingia."

Harufu ilinipiga mlangoni. Damu iliyoanza kuoza, na karafuu za kuifichia. Bibi alikuwa mkekani, midomo inateleza. Akatia vidole mdomoni, akavuta utando mrefu kutoka kwenye meno, akaupangusa kwenye khanga yake.

"Unataka damu tena?" akanong'ona, akanyoosha mkono kabla sijajibu.

Ilikuja nzito, na vipande vidogo vya nyama ndani yake. Nilishika chupa kwa ncha za vidole, nimeziba pumzi.

"Nenda nyumbani sasa. Mkeo kajifungua mchana. Binti. Kondo nimelifukia mwenyewe, nyuma ya jiko."

Nilikimbia. Nilimkuta Avelina anacheka na kulia, mtoto mzima kifuani. Sikumbeba hata. Nilichukua jembe, nikafukua pale palipokuwa na udongo mbichi. Nikakuta jani la mgomba, limekunjwa vizuri. Nikalifunua...

Kipande kimoja tu, kimeraruliwa. Kina alama za meno.

Nilikifukia tena, nikapiga udongo kwa mgongo wa jembe.

Chupa ile ya pili Daktari Gozbert hakuipima. Aliifungua, akanusa, akaenda kuimwaga. Tangu siku hiyo hakunituma tena Manzese.

Avelina sijamwambia. Nimwambie nini? Mtoto alikataa ziwa, akalia mpaka midomo ikawa ya bluu. Bibi Mwanakombo alikuja, akambeba, akamlamba utosi. Mtoto akanyamaza, akanyonya ziwa la mama yake. Nilimfukuza yule bibi kwa matusi ambayo mkunga hatukanwi. Siku mbili mtoto hakumeza hata tone. Siku ya tatu sauti ya kulia ikamwishia.

Nilikwenda mwenyewe kupiga magoti mlangoni kwake.

Sasa kila jioni nambeba binti yangu hadi pale, namweka kwenye mikono ile, na nageuza uso ili nisiuone ulimi.