Kisanduku cha Baba Sara

Grrr… grrr… Simu ilitetemeka gizani, ndani ya bakuli la bati. Umeme ulikuwa umekatika Nangwa nzima, na Getruda huiweka simu kwenye bakuli hilo dirishani, maana hapo ndipo mtandao unapokamata.

Aliikimbilia akijua ni Gidahosh.

Alikuwa shangazi Tekla, wa kijiji cha Daudi.

— Shikamoo, shangazi.

— Marahaba. We Getruda, mbona umenikataa kwenye ubatizo wa mwanao Sara?

— Mimi nikukatae?

— Nimebonyeza "Nitakuja" kwenye huo ukurasa wako, naletewa meseji: "Asante kwa kutujulisha kuwa hutafika." Na kuku nimeshamfunga miguu!

Getruda akacheka. Halafu kicheko kikamkauka mdomoni.

Ukurasa ule wa mwaliko aliutengeneza mwenyewe, darasa la jioni la kompyuta pale Katesh. Kila mwalikwa ana kisanduku chenye picha yake. Unakuja? Gusa kitufe kilicho ndani, kisanduku kinakuwa kijani. Umeshindwa? Gusa popote kwenye kisanduku, kinakuwa chekundu.

Cha Gidahosh, baba yake Sara, kilikuwa chekundu tangu wiki iliyopita; wengine walikuwa bado hawajajibu. Getruda hakumpigia. Umuulize nini mtu aliyekwisha kujibu? Alilia akiosha vyombo, Sara asisikie. Jumapili mtoto angeingia kanisani ameshikwa mkono na mjomba.

Akafungua kompyuta ya kuazima, chaji ikiwa ukingoni, akampigia mwalimu Patriki.

— Shikamoo, mwalimu. Mtu akigusa "Nitakuja", inaandika hatakuja.

— Marahaba. Hebu gusa taratibu. Unaona nini?

— Kijani… hapo hapo chekundu!

— Basi kitufe ni kizima. Kimekaa ndani ya nini?

— Kisanduku.

— Na kisanduku nacho umekipa kazi ya kusikiliza mguso. Ukigusa kitufe, mguso hauishii pale. Unapanda mpaka kwenye kisanduku, nacho kinajibu la kwake.

— Mbona darasani kilikubali?

— Ulijaribu kabla kisanduku hujakipa kazi. Kiambie kitufe kisiupitishe mguso.

Ulikuwa mstari mmoja tu. Akauandika, akajaribu. Kijani. Akangoja, mkono kifuani. Bado kijani.

Akampigia Gidahosh. Hapatikani. Huko Yaeda Chini anakochanja ng'ombe, mtandao mpaka mtu apande kilima. Akamwandikia: "Baba Sara, wewe ulibonyeza nini?"

Akalala kwa kushtukashtuka. Asubuhi, uji ukiwa jikoni, bakuli likalia.

— Nilibonyeza nitakuja, Gidahosh alisema bila salamu. Ukanijibu asante, hutafika.

— Si mimi, ni ukurasa.

— Ukurasa wa nani?

— Wangu.

— Mzee wangu alikuwa amekubali, Getruda. Yeye ambaye hajawahi kuingia kanisani! Alimtengea Sara mtamba. Nilipomsomea hiyo meseji akasema mtamba arudi zizini, hatuendi kwa watu wasiotutaka. Nimekaa huku na ng'ombe za watu, najua nimenyimwa mwanangu.

— Na mimi nimekaa hapa najua umemkataa.

Upepo ukavuma kwenye simu.

— Si ungenipigia? akasema Gidahosh.

— Na wewe je? Kidole kilikuwa na jipu?

Akaguna. Kisha akacheka, kile kicheko chake cha puani ambacho Getruda alikuwa amekikosa muda mrefu.

— Kosa lilikuwa langu, nimeshalirekebisha, Getruda akasema. Bonyeza tena.

— Kikinifukuza tena?

— Kikikufukuza, njoo hivyo hivyo. Na mzee. Mwambie mimi ndiye ninayewaita, kwa mdomo wangu.

— Mtamba hajui kupanda basi, mama Sara.

— Atakuja siku yake. Njooni nyie.

Simu ikakatika.

Getruda akaufungua ukurasa, akakaa kwenye kigoda pale dirishani. Chekundu. Uji ukafurika, ukazima jiko. Hakuinuka. Chekundu. Labda ameanza kushuka kilima. Labda mzee amekataa. Akaigeuza simu kifudifudi bakulini, akaenda kupangusa jiko, macho yakimwuma kwa moshi na kwa mengine.

Nyuma yake Sara akaiokota simu, akaitafuta picha ya mwanaume mwenye kofia.

— Mama, ya baba imekuwa kijani.