Mshono wa Mguu wa Mama

Maji yaliwakuta Mama na bintiye wakila. Kona, dereva wao, alikuwa ameegesha gari katikati ya mto mkavu, kwenye kivuli cha ukingo mrefu, kwa sababu mchanga wa hapo ulikuwa wa baridi na hapakuwa na inzi. Juu yao mbingu zilikuwa nyeupe pe. Mvua ilikuwa imenyesha milimani huko, mbali, juu ya watu wengine. Waliposikia mngurumo Kona alisema ni lori, akaendelea kutafuna. Kisha akaona povu la rangi ya udongo likizunguka ukingo, limebeba magogo, na chakula kikamtoka mdomoni.

"Ingieni garini!"

Hilo lilikuwa kosa. Gari liliwaka, likasogea kidogo, magurudumu yakajichimbia mchangani. Maji yakalipiga ubavuni likainama. Binti alijichomoa dirishani, akamvuta mama yake kwa makwapa, lakini mlango uliokuwa umepinda ulikuwa umeubana mguu wa kulia wa mama huyo. Kona aliusukuma kwa mgongo huku akimeza matope. Mlango ukaachia, bati lake likapasua nyama ya nyuma ya mguu kutoka chini ya goti hadi karibu na kisigino. Walitambaa hadi juu ya ukingo. Walipogeuka, gari lilikuwa linakwenda zake, matairi juu, pamoja na chakula, madumu ya maji na simu zao zote.

Binti alikuwa keshia wa benki. Mama alikuwa fundi cherehani, na kwa cherehani ya kukanyaga kwa mguu alimlisha, akamsomesha, akamvisha. Matembezi haya yalikuwa zawadi: siku nzima mashambani, dereva mwenyeji, gari lao peke yao. Asubuhi Mama alikuwa ameuliza kwa nini hawakupanda basi la watalii pamoja na wenzao, palikuwa na nafasi.

"Nilitaka upumzike."

"Ulitaka nisimwambie mtu kwamba suruali yake imeshonwa ovyo," Mama alijibu. Alicheka, lakini si kwa furaha. Ilikuwa kweli. Keshia alimpenda mama yake na alimwonea haya, yote kwa pamoja, na wala hakujua lipi lilitangulia.

Sasa mama huyo amelala kifudifudi kwenye nyasi kavu, damu inamtoka kwa mkupuo, na mguu wake ukiondoka ndiyo kazi imeondoka. Kwa mguu ule aliishi.

Kona akavua shati. "Tuufunge tu kwa nguo, mama, tukaze. Damu itakata."

"Nguo iliyopasuka haifungwi, baba. Inashonwa." Mama akapapasa ukosi wa gauni lake. Mafundi wote wa mtaa wao hutembea na sindano imechomekwa ukosini, imezungushiwa uzi, hata wakienda msibani. Maji yalikuwa yamechukua gari zima yakaiacha sindano. "Mwanangu, shika."

"Mama, sijui kushona."

"Najua hujui. Nimekuomba ujifunze tangu ukiwa mdogo hivi, ukasema vidole vyako vina kazi nyingine. Osha kidonda, kisha ufuate ninavyokwambia."

Maji ya kuoshea yalikuwa yale yale ya mafuriko, mazito kama uji. Keshia aliosha. Kona alishika mguu akageuza uso. "Anza juu," Mama alisema kwa meno yaliyobanwa. "Usivute sana, utakunja. Karibu karibu. Hapo. Mwingine." Alizirai mara moja, akazinduka, akauliza wamefika wapi. Keshia alilia na kushona, alishona na kulia, na vidole vilivyozoea noti vikapata mwendo. Damu ikakata. Mama akajipinda kutazama.

"Huo ndio mshono," alisema. "Kumbe unao mkono, we mtoto."

Keshia alikuwa ameyasubiri maneno hayo tangu utotoni, na hapo, matope hadi nywelani, alijisikia mtu.

Wakangoja. Kona alisema ofisi yao wakiona hawajarudi watatuma watu. Maji ya mto yaliisha haraka kama yalivyokuja. Wakachimba mchanga kwa mikono wakapata ya kunywa, machungu kidogo. Usiku ukapita, kukapambazuka, jua likawakaa utosini, na hakuna aliyekuja. Mama alianza kutetemeka kwenye joto lile lile lililowachubua wao midomo. Mguu ukavimba, ngozi ikang'aa, nyuzi zikazama ndani ya nyama.

"Ofisi yenu iko mbali kiasi gani?" Keshia aliuliza.

Kona alikuwa anachora mchangani kwa kijiti. "Dada, hawatakuja huku."

"Kwa nini?"

"Niliwaambia nawapeleka kwenye maporomoko."

Maporomoko yalikuwa upande mwingine kabisa, nyuma ya mji. Ikabidi aeleze, na alieleza akiangalia kijiti. Pale kituoni kwao dereva akiulizwa anakwenda wapi hutaja kwingine. Ukisema ukweli, kesho yake wenzako wamejaa kwenye bonde lako, mteja hakuhitaji tena. Wote hudanganya, na wote hujua kwamba wote hudanganya.

"Na tangu jana ulikuwa unajua."

"Niliona aibu."

"Aibu!" Keshia alimrukia. Alimpiga kifuani, usoni, popote, naye hakukinga. "Mama yangu anaoza, wewe unaona aibu! Mungu akulaani. Akulaani wewe na mji wako!"

"Mwache aende," Mama alisema kutoka chini. "Ukimuua atakwenda nani?"

Kona akaondoka akifuata ukingo kuelekea barabara ya malori, ambayo hakuna aliyejua iko umbali gani kwa miguu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu haikuwa fupi hata kidogo.

Waliobaki wawili wakabaki na harufu. Ilianza kidogo, Keshia akajifanya ni matope ya mto. Kisha ikawa haifichiki. Usaha ulitafuta pa kutokea ukakuta mshono umefunga kila mahali.

"Mama, nifumue?"

"Ufumue nini? Damu itamwagika yote." Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa ile ile ya kwenye kibanda chake cha kushonea. "Mshono mzuri haufumuliwi."

Keshia alikuwa ameshika uzi kwa kucha. Akauachia. Alimkinga mama yake jua kwa kivuli chake mwenyewe, akimdondoshea maji midomoni, na kwa kila saa aliyokaa hapo alimtafutia Kona laana mpya, akazipanga vizuri moyoni ili akimwona asipungukiwe na hata moja.

Lori la maji lilikuja likiyumba juu ya ukingo kesho yake. Kona alikuwa amekaa pembeni ya dereva wake, miguu imefungwa matambara, hawezi kusimama. Mama hakumtambua mtu.

Hospitalini mguu ulikatwa juu ya goti. Mama alipopata fahamu, daktari alikuja kitandani, Keshia akiwa pembeni, akauliza ni nani aliyeshona.

"Mwanangu," Mama alisema, na sautini mwake mlikuwa na majivuno.

Daktari alikuwa mtu mpole, akasema polepole. Kidonda chenye uchafu wa namna ile huachwa wazi. Kingefungwa kwa kitambaa tu, huenda mguu ungepona. Kushonwa kwake ndiko kulikofuga sumu.

Mama alitazama dari. "Basi ni mimi," alisema. "Fundi ni mimi. Yeye alikuwa mkono tu."

"Mama," Keshia alisema, akaanza kulia.

"Wenzangu wanaumwa humu. Kama ni kulia, kalie nje."

Akatoka. Kwenye korido, Kona alikuwa amekaa kwenye benchi la mbao na magongo mawili, amevaa shati la kuazima. Alijaribu kusimama akashindwa.

"Dada. Vipi mguu?"

"Umekatwa."

Kona akainamisha kichwa. Keshia alisimama mbele yake. Laana zote zilikuwepo, hakuna iliyopotea, na alizipitia moja moja, akaona kila moja ina nafasi ya watu wawili.

"Sogea," alimwambia, akakaa.