Ukuta Uliokunywa Maji

Srrrp.

Fundi wa vipimo akainua kichwa. Nje ilikuwa saa saba mchana na wajenzi wote walikuwa wamekwenda kula, lakini ndani ya tangi jipya la maji mlikuwa na giza zito, na taa ya kofia yake ndiyo iliyomulika. Mbele yake kikombe cha chuma kilikuwa kimebanwa ukutani. Alikuwa amekijaza maji, apime zege litakunywa kiasi gani kwa dakika kumi. Zege zuri hulamba tu. Hili lilikuwa limemaliza kikombe kizima kwa mkupuo mmoja.

"Mjomba! Njoo uone."

Mjomba wake, msimamizi wa ujenzi, akachungulia tunduni juu ya ngazi, akagoma kushuka. "Si nilikwambia pale usipime? Pima nilipokuwekea chaki."

"Anayepima ndiye anayechagua mahali. Mara mbili nimekustahi, mjomba, nikafuata chaki zako."

"Nistahi na ya tatu. Andika limefaulu, twende tukale. Au umeolewa na huo ukuta?"

Hakucheka. Mshale wa geji, kipimo kilichofungwa kikombeni, ulikuwa ukipanda, ukishuka, ukipanda, taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala. Kisha maji yakarudi kikombeni, ya vuguvugu, yananuka jasho na tumbaku ya kusokota, na harufu hiyo aliijua, kwa kuwa ilikuwa ya kaka yake, fundi wa hapa hapa, ambaye mjomba aliwaambia mwaka jana kwamba ametoroka na mke wa mtu, hata mama akaigeuza picha yake itazame ukuta na kukataza jina lake lisitajwe tena nyumbani.

"Mjomba," alinong'ona, "siku mlipomwaga zege hapa, kaka alikuwa wapi?"

Kichwa cha mjomba kikajitenga na tundu.

"Nakuuliza!"

"Jini hilo linakuchezea, mwanangu. Lisikusemeshe."

Akashika kikombe akifungue, lakini ukuta ukamfyonza kiganja, ukakivuta, na pande zote za tangi zikaanza kuhema, zikitoa mkoromo wa mtu aliyejaa saruji kinywani anayelazimisha neno lisilotoka, na alipogeuza taa juu kuomba msaada akaona mfuniko wa tundu ukisogea, ukilimeza jua, na aliyekuwa akiusukuma hakuwa jini.

"Mjomba! Mimi ni mtoto wa dada yako!"

"Hata yeye alikuwa mtoto wa dada yangu," sauti ikajibu, inatetemeka. "Aliteleza akatumbukia. Zege halingoji, mwanangu. Nikawaambia waendelee."

Mfuniko ukakwama. Unyevu wa kijivu ukapanda ukutani, ukapita ngazi, ukafika tunduni, ukafunga vidole vitano kwenye kifundo cha mkono wa mjomba. Akapiga ukelele, akalia kama mtoto, na jina la utani la kaka, ambalo mwaka mzima hakuna aliyelitamka, likamtoka:

"Niachie! Niachie, Tumbiri!"