Maneno Aliyoyasahau Hilkka

Panya walikuwa wakitetemeka juu ya mkeka wa umeme uliokuwa moto kabisa. Hilkka hakulipenda jambo hilo. Kazi yake katika maabara ya Kuopio, Ufini, ilikuwa kubana mshipa wa shingo ya panya aliyelazwa kwa dawa ya usingizi, ubongo ukose damu, kisha amchome dawa mpya ya kuukinga. Wiki hiyo panya wote walipona, na maabara ikanuka tope la ziwa.

"Dawa inafanya kazi, Taneli!" alisema, machozi yakimlengalenga. Mumewe, Urho, alishapigwa na kiharusi kimoja, na madaktari walihofia cha pili.

Taneli, mwenzake wa maabara, ndiye pekee aliyejua chupa ipi ina dawa na ipi ina maji ya chumvi tu.

"Usishangilie, dada. Hata wa maji ya chumvi wamepona. Miili yao ni baridi, na baridi ndiyo inayoukinga ubongo. Unawapoza kwa siri?"

"Niwapoze na nini? Mkeka huo unaunguza!"

Kwenye sinki kitu kilivuta pumzi, kikakoroma kama mtu aliyezama.

Taneli alinong'ona, "Jumamosi, ulipotoka sauna, bafu la mvuke, ukaingia ziwani kwenye tundu la barafu, ulisema yale maneno?"

"Nilisema. 'Näkki nchi kavu, mimi ziwani.'"

"Na ulipotoka?"

Kila mtoto wa kwao anajua kwamba ukitoka majini, Näkki, jini la ziwa, hurudishwa kwa kusema: Näkki ziwani, mimi nchi kavu. Hilkka baridi ilimzidi, akakimbilia taulo bila kuyasema.

"Yaseme sasa hivi!"

Simu ikalia. Ilikuwa sauti ya Urho, nzito kama ya mlevi: "Hilkka... mkono... siusikii..."

Alikimbia nyumbani kwenye theluji bila koti, harufu ya tope ikimfuata, nyayo tupu zenye maji zikilia chap, chap nyuma yake, zikampita mlangoni, zikaingia jikoni alikolala mumewe mdomo umepinda, na maneno yalikuwa kwenye ncha ya ulimi, na hakuyasema, Mungu amsamehe, alisema, "Mwokoe."

Wauguzi walipofika walimkuta Urho amekaa anakunywa kahawa.

Jioni Taneli alipiga simu. "Umeshayasema?"

"Bado." Hilkka alishusha sauti. "Nikilirudisha, je, likiondoka naye?"

Mkono wa baridi ukamshika bega. Urho alikuwa anatabasamu, maji ya ziwa yakimtiririka pembeni mwa mdomo.

"Usiyaseme, mke wangu," alisema. "Nchi kavu nimeshaizoea."