Mstari wa Chumba Kitupu

Ilikuwa siku ya kufua. Mimi na wifi yangu tuko uani, tunasuuza mashuka na kuwasema majirani. Mjukuu wangu anageuza stoo yetu kuwa studio. Watoaji wa vitabu vya kusikiliza walishamkatalia mara moja: unasoma vizuri, binti, ila chumba chako kinavuma kama pipa. Wakampa nafasi moja tu ya mwisho.

Basi akapiga makofi kila kona, akisikiliza mwangwi. Akatundika mablanketi, akaegemeza magodoro. Godoro moja alilitoa wifi. Wifi huyohuyo aliyeitaka stoo aweke cherehani yake! Ukarimu huo ukanitia shaka.

Kisha mjukuu akasimamisha maiki katikati. Spika ikatoa mlio, ukaanza kwa kunguruma, ukapanda mpaka ukawa mwembamba kama wa mbu. Kompyuta ikachora mstari wa mwangwi wa chumba, unaoonyesha hata kama kuna mtu ndani.

"Bibi, umo humo?" akaita kutoka mlangoni. "Toka! Mwili wa mtu unakunywa sauti. Umeniharibia kipimo."

"Mwili huu mkavu unywe nini?"

Nilikuwa nimejibanza kona, napapasa godoro la wifi kama limeshonewa hirizi.

Nikatoka. Akafunga mlango, akapima tena. Mstari uleule.

"Nani kabaki ndani?"

Hakuna. Tulifungua, tukaona wenyewe.

Nikamnong'oneza, "Godoro la wifi hilo. Litoe."

Tukalitoa juani. Akapima. Mstari haukusogea hata unywele.

Akakata tamaa, akajifungia, akarekodi hivyohivyo. Mchana kweupe. Mimi nikarudi kwa wifi, nikampasha habari za mpangaji mpya wa nyumba ya pili, huku namchunga kwa jicho la pembeni.

Jibu la watoaji lilikuja siku ya pili. Mjukuu alilisoma kwa sauti ndogo. "Kazi umepata. Na huyo bibi anayekuitikia, mje naye."

Tukaifungua rekodi, sote watatu, tukasikiliza. Mjukuu anasoma. Anatua. Halafu, karibu kabisa na maiki:

"Ehe, ikawaje?"

Sauti yangu. Na kikohozi changu.

"Wifi, mwambie. Si nilikuwa na wewe?"

Wifi akasogeza kiti chake nyuma.

"Nilikuwa na mtu wa sura yako," alinong'ona. "Alinijia pale mtoto alipojifungia stoo. Akasuuza mashuka yote, asiseme neno hata moja. Nikajiuliza, huyu? Anyamaze saa nzima?"

"Wifi! Na habari za mpangaji?"

"Mpangaji gani?"

Hakuna aliyekumbuka kuzima rekodi, ikawa bado inacheza. Ukurasa wa mwisho ulikwisha. Mlango wa stoo ukasikika, mjukuu akitoka. Kimya.

Kisha sauti yangu, peke yake mle ndani, ikaanza kusimulia habari za mpangaji. Yote. Neno kwa neno, kama nilivyompasha wifi.

Na mtu mwingine mle ndani akawa anaicheka, polepole.