Mkufunzi wa Muhali

Watu wangu wa Pemba, haya ninayoyaleta kwenu sikuyaokota njiani. Nyumba ya Mwalimu Jabir na yangu zinatenganishwa na ua wa makuti tu, hapa Wawi, nje kidogo ya mji wa Chake Chake. Mengi nimeyaona kwa macho yangu, na nisiyoyaona nilisimuliwa na mkewe, Bi Mwanakhamis. Nitayasema kama yalivyo. Atakayenuna na anune.

Ulikuwa msimu wa karafuu, na msimu ulikuwa mwema. Alasiri ile kila uwanja ulitandikwa majamvi, harufu ya karafuu imetuingia mpaka nguoni, na sisi wanawake tuko barazani tunachambua na kutaniana. Mwalimu Jabir akaingia mtaani na suti yake, koja la asumini shingoni. Wanafunzi wake walikuwa wamehitimu siku hiyo. Yeye ni mkufunzi wa saikolojia ya shule katika chuo kimoja cha ualimu ambacho sitakitaja, na kazi yake ni kuwafundisha walimu namna ya kumsikiliza mtoto mwenye dhiki. Tulimpigia vigelegele. Binti yake Yumna, msichana wa darasa la saba, alikimbia kumpokea mkoba, na sote tukaiona nyumba ile imejaa baraka.

Mara mvua ikaanguka bila kubisha hodi. Yumna ndiye aliyeachiwa kulinda jamvi la ami yake Zubeir, na katika kumkimbilia baba yake karafuu zikarowa. Mzee Zubeir alitoka mlangoni, akalitazama jamvi, akamtazama mtoto. Hakupiga kelele. Alimwambia tu kwamba watazungumza ndani. Uso wa mtoto ulisawijika, na mimi vigelegele vilinikauka mdomoni.

Zubeir ni kaka mkubwa wa Jabir. Baba yao alipokufa, yeye ndiye aliyepanda mikarafuu ya watu kuchuma kwa ujira ili mdogo wake asome. Nyumba ni yake, na neno la mwisho ni lake. Jabir na usomi wake wote hainui macho mbele ya kaka yake.

Sasa niwaambie mkufunzi huyu naye alifunzwa wapi, maana balaa lilianzia hapo.

Kabla yake, somo lile lilikuwa mikononi mwa Bi Ummkulthum. Bibi yule alianza kazi akiwa muuguzi wa wagonjwa wa akili, kisha akasomesha watoto wadogo miaka mingi, ndipo akaenda kuisomea saikolojia. Hata alipokuwa mkufunzi hakuacha kwenda mashuleni kukaa na watoto. Alichokisema darasani alikuwa amekiona. Alipostaafu, walijitokeza wawili kutaka nafasi yake.

Wa kwanza alikuwa Masika, mwanamke wa Makangale, ambaye wazee wa wazee wake walitoka bara. Alisomea ushauri nasaha chuo kikuu, kisha akafanya kazi mashuleni chini ya msimamizi. Kila alipotoka kuzungumza na mtoto, msimamizi alimuuliza kasema nini, kwa nini kasema vile, na wapi kakosea. Hata fundi cherehani huangaliwa mkono kabla ya kuachiwa kitambaa cha watu, sembuse mtu wa kushika moyo wa mtoto?

Wa pili ndiye Jabir. Jabir alikuwa mwalimu wa jiografia, tena mzuri, simtilii chumvi. Saikolojia aliionja mwaka wa kwanza wa ualimu, kama walimu wote wanavyoionja, na baada ya hapo alihudhuria semina za hotelini, zile ambazo mtu hutoka na cheti, mkoba na wali wa mchana. Mtoto mwenye dhiki hajapata kukaa naye hata mmoja. Majira ya mvua anayajua. Machozi yana majira gani, nani alimfundisha?

Lakini mwenyekiti wa kamati ya chuo, Mzee Khatib, ni mtu wa Zubeir tangu utotoni. Zubeir alimfuata barazani baada ya sala ya Ijumaa, akamwambia kwamba Jabir ni mwanao, hawezi kuachwa nafasi akapewa mtu wa kuja. Mzee Khatib akaona muhali. Nyinyi mnaujua muhali wetu: ile haya ya kumkatalia mtu wako jambo, hata unapojua kwamba si haki. Masika alipoitwa mbele ya kamati, aliulizwa watu wake ni wa wapi zaidi kuliko alivyoulizwa alichosoma. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Alirudi Makangale akasomesha hesabu katika skuli ya msingi, na Jabir akawa mkufunzi.

Basi akaingia darasani bila ya kitu mkononi. Na mtu asiye na kitu huchukua cha kwao. Jabir alichukua sulhu. Nyote mmekaa kwenye sulhu: mume na mke wakigombana, wazee huitwa, watu hukaa mkekani, kila mmoja husema lake, mdogo humwomba radhi mkubwa na kumbusu mkono, husomwa fatiha, na jambo likafungwa lisitajwe tena. Ni mila njema kwa watu wazima waliogombana. Jabir akaigeuza somo. Aliwafundisha walimu kwamba dhiki ya mtoto ni ugomvi wa nyumbani, na dawa ya ugomvi ni kuwakalisha wote pamoja. Wanafunzi walimpenda, kwa sababu somo lilikuwa jepesi na la kwao. Wakatawanyika nalo kisiwa kizima.

Mmoja wao, aliyehitimu kabla ya hawa wa siku ya mvua, alikuwa Shamima, binti mpole, aliyepelekwa kuwa mwalimu wa ushauri nasaha katika skuli anayosoma Yumna. Baada ya ile siku ya mvua Yumna alimfuata, akamfungulia buibui lake na kumwonesha mgongo. Ami yake humpiga kwa waya wa pasi kila wazazi wanapotoka. Alimwomba asimwambie mtu, kwa sababu ami akijua atamuua. Shamima alilia naye, akamwahidi. Kisha hakujua afanye nini, akafanya ambalo mwanafunzi yeyote mwema angefanya: akampigia simu mkufunzi wake.

"Mwalimu, kuna mtoto kanambia siri," alisema. "Apigwa na mkubwa wa kwao, tena apigwa vibaya. Nimemwahidi sitasema. Nifanyeje?"

"Mtoto hana siri kwa wazee wake," Jabir alimjibu. "Waite wote, na huyo mkubwa awepo. Mtoto aseme mbele yake. Akishindwa kusema, jua alikuwa akizua."

Shamima hakumwambia kwamba mtoto mwenyewe ni Yumna. Aliona muhali kumtajia mwalimu wake aibu ya nyumba yake. Na Jabir hakuuliza lolote, wala umri wa mtoto, wala alama alizonazo, wala kama ana pa kulala salama usiku ule. Angejuaje kuuliza? Hakuna aliyewahi kumuuliza yeye. Kwa sentensi zile chache alimhukumu mwanawe, naye hajui.

Alijua Shamima alipomwita skuli pamoja na mkewe na kaka yake. Angeweza kusimama pale mlangoni akasema kikao hiki hakifai. Lakini mbele yake alikuwa kaka aliyemlea, na upande wa pili mwanafunzi wake anamtazama kuona somo likitekelezwa. Akavua viatu, akakaa. Bi Mwanakhamis naye alikaa, kanga mdomoni.

"Haya, mwanangu, sema mbele ya ami yako," Jabir alimwambia Yumna. "Nani kakupiga?"

Mtoto alimtazama baba yake muda mrefu, akingoja. Jabir akatazama mkeka.

"Hakuna alonipiga," alisema Yumna.

Mzee Zubeir alicheka kidogo, akasema samaki mkunje angali mbichi, na kwamba watoto wa siku hizi wanafundishwa maneno mengi. Yumna akaambiwa ambusu ami yake mkono. Wahenga walisema mkono usioweza kuukata ubusu, na mtoto yule akaubusu. Ikasomwa fatiha. Jabir, Mungu amsamehe, alimpongeza Shamima kwa kazi nzuri.

Haikufika wiki. Jabir na mkewe walikwenda kwenye hitima, na Yumna alibaki nyumbani kuchambua karafuu. Nikasikia sauti ya Zubeir inamuuliza kama bado ana hamu ya kumsema kwa walimu, kisha nikasikia kofi. Niliupita ule ua wa makuti hata sijui vipi. Nilimkuta mtoto amekaa chini, mkono sikioni, na damu inamchuruzika shingoni.

"Rudi kwako, bibi," Zubeir aliniambia. "Mambo ya nyumba hii yamekwisha, sulhu imepita."

Nilimbeba mtoto, nikampandisha bodaboda mpaka hospitali. Madaktari walifanya waliloweza. Ngoma ya sikio ilikuwa imechanika, usaha ukafuata, na sikio lile la kushoto halisikii tena. Alipoulizwa nini kimempata, Yumna alisema ameanguka chooni. Nilipowaeleza nilichokisikia, walimtazama yeye, naye akarudia kwamba ameanguka.

Nilipomweleza Jabir, alikwenda kwa Shamima amejaa ghadhabu. Alimuuliza vipi mtoto amekuja kwake kutaka kuokolewa, naye akamkalisha mbele ya mtu anayempiga.

"Nilikupigia simu, mwalimu," Shamima alimjibu. "Nilikuuliza, na nikafanya ulilonambia. Na wewe ulikuwepo mkekani."

Jabir akarudi nyumbani kwa miguu. Wazee walikuja, wakanong'ona, wakasema kumshitaki kaka mkubwa ni muhali, na ushahidi uko wapi ikiwa mtoto mwenyewe anakana? Zubeir mpaka leo anaanika karafuu zake uwanjani, na watu wanamwitikia salamu. Mimi simwitikii. Aliyeondoka ni Bi Mwanakhamis. Alikusanya nguo zake na za mwanawe, akarudi kwa wazee wake Makangale, na nyumba ile iliyojaa baraka ikabaki na wanaume wawili wasiosemeshana.

Huko Makangale Jabir alimfuata Masika, yule yule aliyekataliwa na kamati, akamwomba amsaidie mtoto. Masika hakumsimanga. Alikwenda, akakaa na Yumna, na Yumna alikuwa na swali moja.

"Nikikwambia, utamwita ami?"

"Sitamwita," Masika alisema.

"Mwalimu Shamima naye aliniahidi."

Masika huenda kila Jumamosi. Husaidia kuwasha moto na kumenya muhogo, na hamuulizi kitu. Mtoto bado hajasema. Masika mwenyewe aliniambia kwamba mlango uliofungwa kwa namna ile hata yeye hana hakika kama utafunguka, na kwamba hakuna chuo kilichomfundisha namna ya kuirudisha ahadi iliyovunjwa na mtu mwingine.

Jabir naye huenda Ijumaa. Hukaa karibu na binti yake, akamwomba radhi na kumweleza kwamba hakujua. Yumna hageuzi uso wala hakunji ndita. Huhama tu akakaa upande wa pili, ili baba yake azungumze na lile sikio la kushoto.

MAFUNZO

Ndugu zangu, mafunzo ya hadithi hii ni machungu, na nisingependa myatie sukari. Mtu anayefundisha walimu wa watoto wetu hasomeshi darasa moja. Kosa lake huingia katika kila skuli ambako mwanafunzi wake amepangiwa. Basi kabla ya kumpa kazi, tumuulize amesomea nini hasa, amekaa na watoto wangapi wenye dhiki, na nani alimsimamia akamwambia hapa umekosea. Tusimuulize ni mtoto wa nani. Cheo bila ya mafunzo ni upanga mikononi mwa kipofu, na kipofu hana kosa kama aliyempa.

La pili, sulhu ni ya watu waliolingana. Mtoto anayeumizwa na mkubwa hana ugomvi na mtu. Ana dhulma juu yake, na dhulma haisomewi fatiha. Mwondoeni kwanza mkononi mwa anayempiga, mengine yafuate.

Na muhali, jamani, muhali. Kamati ya Mzee Khatib iliambiwa yote haya. Ikajibu kwamba kumwondoa Jabir ni kumvunjia heshima, na mwenyewe hakuomba kuondoka. Muhula mpya umeanza, darasa limejaa vijana wanaotaka kuwasaidia watoto, na anayewasomesha ni yeye. Tulimwonea haya mtu mzima asivunjike moyo, na wanaovunjika ni watoto wetu.